Udongo wa Mtani

Ukitaka kumjua Paskazia wa Ntalikwa, anza na mdomo wake. Sura yake ni ya kawaida, mikono yake ni ya mwanamke aliyeanza kuchuma majani ya tumbaku kwao Goweko kabla hajajua kusoma, na kimo chake si cha kumfanya mtu ageuke njiani. Lakini mdomo! Mdomo ule ulijulikana kuanzia Ntalikwa hadi Gongoni, Tabora mjini. Akisikia Mzaramo amefiwa, hata kama hamjui kwa sura wala kwa jina, Paskazia alijifunga kanga kiunoni akaenda kuuvuruga msiba kwa haki aliyoachiwa na mababu zake Wanyamwezi. Alimwiga marehemu alivyokuwa akichechemea. Alijilaza mlangoni ili asipite mtu bila kumlipa. Aliwaambia wafiwa wanyamaze, maana Mzaramo hafi, anawakimbia tu wanaomdai. Na wafiwa, macho yamewaiva kwa kulia, walicheka hadi wakashika mbavu, wakamchangia chochote ili awaondokee.

Haondoki ng'o. Akishachangiwa alikunja mikono ya blauzi, akateka maji, akasonga ugali wa watu wote, akaosha masufuria, na wa mwisho kurudi kwake alikuwa yeye.

Ndio utani wenyewe huo. Wanyamwezi na Wazaramo wametaniana tangu enzi za misafara, wapagazi wa huku walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani wakikatiza nchi ya Wazaramo. Walipigana, wakachoka kupigana, wakaamua watukanane. Sheria yake ni fupi. Mtani hanuniwi. Mtani hashitakiwi. Na kazi ngumu ya msiba ni ya mtani: achimbe, apike, afukie. Anayekuchekesha siku ya kilio ndiye huyo huyo anayekuzikia maiti wako, na asipofanya hilo la pili, hana ruhusa ya kufanya la kwanza.

Utani ndio uliompa Paskazia rafiki yake mkubwa, Mwanajuma, muuza vitumbua wa Gongoni, Mzaramo ambaye babu wa babu yake alikuja na msafara kutoka pwani akaoa Tabora na kusahau njia ya kurudi. Wanawake hao wawili walitukanana sokoni kwa miaka mingi mpaka wageni wakadhani ni maadui. Mmoja Mkatoliki, mwingine Mwislamu, na kila mmoja alijua mwenzake anakunywa chai na sukari kiasi gani.

Paskazia alifanya kazi katika kampuni ya asali iliyoitwa Miyombo. Yeye alikuwa kwenye banda la kuchujia, pamoja na wanawake wengine, wakiimwaga asali ya warina wanaoivuna msituni kutoka kwenye ndoo na kuipitisha kwenye vitambaa. Mumewe, Raymundi, alikuwa upande wa pili wa ua, kwenye mtambo wa kuyeyushia nta. Raymundi hakuwa na maneno. Nyumbani kwao mke alisema, mume akaitikia "mh", na kwa "mh" hizo walilea watoto, wakajenga nyumba ya bati, wakaishi vizuri.

Kisha akaletwa mkurugenzi mpya kutoka Dar es Salaam. Siku ya kwanza alipita bandani, suti imenyooka, akajitambulisha kwa jina la Chaurembo, mtu wa Kisarawe. Wanawake wakakaza nyuso, maana bosi ni bosi. Paskazia akatua ndoo yake chini.

"Kisarawe ipi, mzee? Ile ya mihogo na uvivu?"

Banda zima likaganda. Msimamizi alifumba macho. Lakini mkurugenzi akacheka, kicheko kikubwa cha kutoka tumboni.

"Kumbe huku ndiko walikokimbilia wapagazi wangu!" akasema. "Mzigo wangu wa pembe za ndovu mliuficha wapi? Babu yangu bado anausubiri."

Tangu hapo kiwanda kikachangamka. Mchana, mkurugenzi akiwa mezani, Paskazia aliingia ofisini bila hodi, akachukua paja la kuku kwenye sahani yake, akatoka nalo akilitafuna. Katibu muhtasi alikaribia kuzimia. Chaurembo alipiga meza kwa kucheka, akapaza sauti kwamba Wanyamwezi wameanza tena kula mali ya msafara. Habari zikaenea mpaka kwa warina asali wa vijijini. Watu wakasema, safari hii tumepata bosi ambaye ni mtani. Mtani atakutukana mchana kutwa, lakini hawezi kukuangamiza.

Hapo ndipo walipokosea, na lile ni kosa letu sisi watu wa huku, wala tusimsingizie mtu mwingine. Asali ilipoanza kulala ghalani bila mnunuzi, magari mapya ya wakubwa yakaja. Warina walipokaa getini wakisubiri malipo, wakubwa walikuwa semina Zanzibar. Festo, fundi wa mitambo, alitaka wafanyakazi waweke kazi chini waulize kampuni inaelekea wapi. Wenzake wakamwambia asiwe na papara. Paskazia ndiye aliyesema kwa sauti kuliko wote.

"Ngoja nimuulize mimi. Mimi na yule tunaelewana."

Akaenda, akachukua paja lake, akauliza mdomo umejaa.

"Mtani, ni kweli unataka kutufukuza?"

"Wewe siwezi kukufukuza, nitakuuza Bagamoyo," Chaurembo akajibu. "Ila yule mumeo namfukuza. Anakula nta yangu, ndiyo maana haongei, meno yamegandana."

Paskazia alirudi bandani anacheka machozi. Akawasimulia wenzake, na wao wakacheka. Alimsimulia hata Raymundi mwenyewe jioni, na Raymundi akasema "mh".

Mtambo ukazima. Serikali ikasema kampuni isife, warina asali wataumia, ikaiokoa kwa fedha za hazina. Hazina ni jina la heshima tu la mifuko yetu: sukari ya muuza vitumbua, mafuta ya mwendesha bodaboda, na kile anachokatwa bibi wa Isikizya akitumiwa visenti kwa simu na mjukuu wake. Watu hawakulalamika. Wakasema sawa, ng'ombe akianguka kisimani, kijiji kizima kinavuta kamba. Basi mtambo ukawaka, na pamoja na kuwaka ukaja uamuzi wa kupunguza wafanyakazi, eti ndiyo njia ya kujinusuru. Majina yakabandikwa ukutani. Jina la Raymundi lilikuwamo. La Paskazia halikuwamo. Alisimama mbele ya ule ukuta akikumbuka paja la kuku, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamani kama angekuwa hajacheka.

Raymundi hakugombana naye. Baba yake alikuwa mrina asali, na mwana wa mrina haanzi upya, anarudi tu. Alishusha kamba ya kupandia miti iliyokuwa juu ya dari tangu ujana wake, akaipaka mafuta, akaanza kwenda msitu wa Goweko kutundika mizinga ya magome kwenye miyombo na mininga. Nywele zilikuwa zimeshakuwa nyeupe. Magoti yalikuwa yanalia akiinuka kitini. Paskazia alimwambia aajiri kijana wa kupanda. Akamjibu kwamba kijana naye anataka kula.

Ndipo redio ikasema. Ripoti ya ukaguzi ilikuwa imesomwa, na ndani yake mlikuwa na Miyombo: wakubwa wake, katika mwaka ule ule wa kuokolewa, walikuwa wamejipa bonasi. Tena ilikuwa na jina, bonasi ya mafanikio. Kiasi chake kilipotajwa, Mwanajuma aliyekuwa sebuleni kwa Paskazia alishika kichwa kwa mikono miwili.

Tabora ilichemka. Vijiwe vya bodaboda havikuwa na mada nyingine. Waliotoka misa waliyasema hayo, waliotoka swala ya Ijumaa waliyasema hayo. "Mafanikio gani?" Festo alikuwa akiuliza kila anayekutana naye. "Mtu ameopolewa majini na wavuvi, halafu anajilipa kwa kujua kuogelea!" Hata watu ambao hawakuwahi kulamba asali ya Miyombo walikuwa na hasira, na walikuwa na haki, maana walikuwa wameilipia. Wakaomba kibali cha mkutano wa hadhara. Wakaambiwa hali haiko sawa, wangoje. Wakaomba tena. Wakaambiwa wangoje.

Nyumbani kwa Paskazia, usiku ule wa redio, Raymundi alinyoosha mkono akaizima. Kisha akasema maneno mengi kuliko kawaida yake.

"Mama Consolatha. Yule si mtani wako?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza. Paskazia, mwenye mdomo uliojulikana mpaka Gongoni, hakuwa na jibu. Alfajiri mumewe akachukua kamba na mwenge wa moshi, akapanda treni kwenda Goweko. Akaanguka kutoka juu ya mninga. Waliomkuta walisema nyuki walikuwa bado hawajatulia, na mkono wake ulikuwa bado umeshika kamba.

Festo alifika msibani kabla ya turubai kufungwa. Alikaa karibu na Paskazia mkekani, akamwambia kwa sauti ya chini.

"Dada, pole sana. Najua si wakati wake. Lakini mkurugenzi atakuja. Raymundi ni mfanyakazi wa siku nyingi, hawezi kuacha kuja, atachekwa na magazeti. Na msiba hauombewi kibali."

Paskazia akamsogelea.

"Mnataka kufanya nini?"

"Hakuna jiwe wala tusi. Nitamuuliza mbele ya watu, ulilipwa kwa lipi? Basi. Halafu tunakaa kimya, sote, mpaka ajibu."

"Aulizwe kabla udongo haujashuka," Paskazia akasema. "Raymundi aliniuliza mimi, mimi sikuwa na jibu. Sitaki aende hivyo hivyo."

Hilo ndilo alilolitaka tu. Hakutaka rambirambi, hakutaka kuombwa radhi. Alitaka mtu yule aseme kwa kinywa chake, kwa lugha ya watu wazima, alilipwa kwa kazi ipi, na mumewe awe bado juu ya ardhi akisikia. Festo akazunguka kati ya wanaume waliokaa kwenye magogo, na kila aliyeambiwa aliitikia kwa kichwa. Hata Mzee Shigela, kaka mkubwa wa marehemu na msemaji wa ukoo, alikubali, ijapokuwa alikuna ndevu.

Watani nao walikuwa kazini. Wana wa Mwanajuma walichimba kaburi nyuma ya nyumba, karibu na mpaka wa shamba la mihogo, na Mwanajuma mwenyewe alivaa kofia ya Raymundi, akakaa kwenye kiti cha Raymundi, na asubuhi nzima kila aliyemwamkia, "Shikamoo mama," alimjibu "mh". Watu waliokuja kulia wakajikuta wanacheka. Paskazia pia alicheka, akalia, akacheka tena, akamtukana Mwanajuma kwa mapenzi. Hivyo ndivyo utani unavyoponya ukiwa mikononi mwa mwenyewe.

Jeneza lilikuwa limeshatolewa nje, limewekwa juu ya mabenchi mawili kando ya kaburi, katekista ameshafungua kitabu chake, gari la mkurugenzi lilipoonekana. Lilisimama mbali, kule njiapanda. Watu wakanyamaza kama walivyokubaliana. Wanaume wakavua kofia wakazishika, macho yote njiani. Festo akasogea mbele.

Aliyetoka kwenye gari hakuwa mkurugenzi yule wa suti. Alikuwa mtu pekupeku, suruali imekunjwa mpaka magotini, kanga imefungwa kichwani kama ya bibi mzee, anakuja mbio huku ameshika kiuno anaomboleza.

"Uwiii! Mpagazi wangu! Mpagazi wangu amenitua mzigo njiani! Nani atanifikishia pembe zangu?"

Akapita katikati ya watu, akamkwepa Festo, akapita kando ya jeneza, akaruka ndani ya kaburi. Akajilaza chali kule chini.

"Sitoki! Ng'o! Huyu Mnyamwezi ana mzigo wangu tangu enzi za babu yake. Nilipeni, ama mnizike mimi, yeye abaki awapikie!"

Mtu mmoja akacheka. Ilikuwa nyuma kabisa, mwanamke, na aliziba mdomo wake upesi. Lakini kicheko msibani ni moto wa nyasi. Wa pili akashindwa, wa tatu akashindwa, na punde kundi lote lilikuwa likitikisika mabega. Wangefanya nini? Mzaramo ameingia kwenye kaburi la Mnyamwezi. Watoto wa huku wanafundishwa kulicheka jambo hilo kabla hawajafundishwa kuvaa viatu.

Festo hakucheka. Nampa sifa zake, alijikaza. Alisimama ukingoni, akainamia shimo, akauliza.

"Mkurugenzi. Tunauliza, sisi wote. Ile bonasi. Ulilipwa kwa lipi?"

Kimya. Paskazia aliona mkono wa Mzee Shigela unakaza fimbo.

"Kwa lipi?" Chaurembo akaketi kule chini, akarekebisha kanga kichwani. "Unauliza kwa lipi? Kwa kuvumilia harufu ya Wanyamwezi! Mnadhani ni kazi ndogo? Asubuhi mpaka jioni, nta na jasho, nta na jasho! Hata hiyo niliyolipwa haitoshi, nataka nyingine!"

Wakaangua kicheko. Wazee walipiga fimbo chini. Wanawake waliegemeana. Festo alisimama na mdomo wazi, akajaribu kusema neno, kisha uso wake ukavunjika, naye akacheka akitikisa kichwa, akarudi nyuma akaketi kwenye gogo. Swali limeulizwa. Jibu limetolewa. Na la utani halirudiwi.

Mzee Shigela, kama mila inavyotaka, akazungusha kofia ili wamkomboe mtani kaburini. Wakachanga. Walichanga watu waliokuwa wamebandikwa ukutani pamoja na Raymundi, wakafungua mafundo ya kanga na mifuko ya makoti, wakatoa sarafu zao huku wanafuta machozi ya kicheko. Kofia ikashushwa. Mkurugenzi akapokea, akatia mfukoni.

Paskazia naye alikuwa anacheka. Aliusikia mdomo wake ukicheka, ule mdomo wa miaka yote, na hakuweza kuuzuia. Kisha jicho lake likaangukia jeneza. Limetulia juu ya mabenchi, juu yake kuna kofia ambayo Mwanajuma alikuwa ameivua. Kicheko kikamkatika, na kilichobaki mahali pake kilikuwa chuki. Alimchukia yule mtu, akawachukia wenzake, akajichukia yeye.

Akaenda mpaka ukingoni. Watu wakampisha, wakingoja tusi lake, maana sasa ilikuwa zamu yake.

"Mtani."

"Naam, mpagazi."

"Umelipwa?"

"Nimelipwa, mpagazi. Kidogo, lakini nimelipwa."

"Basi panda." Akamtupia beleshi, likaanguka juu ya kifusi. "Mtani akishalipwa, anazika."

Wakashangilia. Huu nao ulikuwa utani, tena mtamu. Chaurembo alipanda, akajipangusa vumbi, akawanyooshea kidole wana wa Mwanajuma.

"Vijana si hawa hapa?"

"Hao wamechimba. Kufukia ni kwako. Umekula msiba wangu, ushibe."

Hakuwa na pa kutokea. Jeneza likashushwa, katekista akasoma, ndugu wakatupa mafumba yao ya udongo. Kisha mkurugenzi akashika beleshi. Mabeleshi ya kwanza watu walipiga vigelegele. Ya katikati walikuwa wakitoa maoni kuhusu mgongo wake. Baadaye hakuna aliyesema kitu. Shati lilikuwa limemgandia, mikono laini ilikuwa imeanza kuuma, na dereva alikuwa amesogea akimwonyesha saa. Mkurugenzi alitazama huku na huku. Alikuwa anatafuta mtu wa kucheka.

"Sasa utani nauweka chini, mzee wangu," Paskazia akasema. Alisema polepole, kwa adabu, kama anavyosema mtu kwenye baraza. "Nakuuliza mimi, mke wa Raymundi. Ulilipwa kwa lipi?"

Chaurembo alivuta kanga kichwani, akaikunja, akaitazama kama hajui ni ya nani. Alipoongea, sauti ilikuwa nyingine, ile ya kwenye redio.

"Mama, hayo ni masuala ya bodi. Yana taratibu zake. Leo tumheshimu marehemu."

"Marehemu ndiye aliyeniuliza."

"Nina ndege, mama yangu."

Akalichomeka beleshi kwenye kifusi. Dereva akamletea viatu na bahasha. Akaiweka bahasha juu ya udongo, akainamisha kichwa kidogo, akaondoka kwa mwendo wa mkurugenzi. Kaburi lilikuwa halijafika hata nusu.

Wana wa Mwanajuma wakasogea kumalizia. Paskazia akawazuia kwa mkono.

"Acheni. Huo ni udongo wake."

Mzee Shigela akamsihi. "Mwanangu, mume wako huyo. Usimwache wazi kwa ajili ya mtu mwingine."

"Jeneza limefunikwa, baba. Kilichobaki ni cha mtani. Amelipwa, atarudi amalize."

Katekista alimwambia si vizuri. Consolatha, binti yake, alimvuta kanga akilia. Hakusogea. Mwishowe wakasimika msalaba kando, wakaenda kunawa mikono.

Kwa muda lile kaburi lilifanya kazi ambayo mikutano haikuifanya. Watu walikuja kutoka mjini kuliona. Waendesha bodaboda walisimama njiani wakalionyesha kwa kidole, wakasema hapo ndipo aliposhindwa kujibu. Festo alirudisha bahasha getini pa kiwanda, hajaifungua, mbele ya kundi la watu waliopiga makofi. Baada ya hapo Festo akaitwa kuhojiwa kuhusu mikusanyiko. Hakupigwa, hakufungwa, lakini aliporudi alikuwa ameacha kuuliza watu maswali. Paskazia alipokwenda kazini, mlinzi alimwambia angoje nje kidogo. Alingoja mpaka jua likawa kali, kisha akaelewa, akarudi nyumbani.

Hasira za watu hazikuisha, zilihama tu. Mkurugenzi alikuwa mbali, Paskazia alikuwa karibu. Ilianza kwa minong'ono kisimani. Eti mtani hanuniwi. Eti mgeni amekuja msibani kwa moyo mmoja, akavishwa aibu. Eti mwanamke gani anaacha mumewe shimoni ili ashindane na wakubwa. Wengine walisema lau asingelivunja utani, mkurugenzi angewakumbuka waliopunguzwa. Mzee Shigela alipita njiani bila kukaribia. Watu waliokuwa wakimtafuta kwenye kila kilio ili awachekeshe, sasa walimwambia asijisumbue kuja, watu wapo.

Mwanajuma peke yake hakubadilika. Alimletea vitumbua, akamwita mjane mwenye gubu, akakaa naye. Siku moja aliingia uso umemwiva, akasema amesikia redioni kwamba Chaurembo amehamishwa. Amepewa kampuni nyingine iliyoyumba, ya kanda nyingine, akaiokoe. Wamemsifu kwa uzoefu.

"Basi hatarudi," Paskazia akasema.

"Hatarudi, mtani."

Usiku huo mvua za kwanza zikanyesha. Zilinyesha kwa fujo, zikapiga bati mpaka alfajiri, na Paskazia alilala macho akisikia maji yakikimbilia nyuma ya nyumba. Alijua yanakokwenda. Palipopambazuka akatoka. Shimo lilikuwa limejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, kingo zimeanza kumeguka, na msalaba umelalia upande. Lile beleshi lilikuwa bado limesimama kwenye kifusi, pale pale alipolichomeka yule mtu, mpini umevimba kwa mvua.

Akachukua ndoo, ile ile ya kiwandani aliyozoea kubebea asali, akaanza kuyachota maji. Aliyachota, akayamwaga mihogoni, akarudi. Yalipobaki matope akalishika beleshi, akaanza kurudisha udongo. Udongo ulikuwa mzito, umelowa. Alikuwa analia kwa sauti, bila kujali nani anasikia, akimwambia Raymundi amsamehe, maana amemlaza ndani ya maji akimngojea mtu ambaye hakuwa mtani wala kitu.

Mwanajuma alimkuta hapo, beseni la vitumbua kichwani. Akalitua. Akavua viatu, akajifunga kanga, akachukua jembe lililoegemezwa ukutani. Kazi ya kufukia ni ya mtani, na mtani alikuwa yeye. Tena kwa desturi ilimpasa aanze na tusi: amwambie Mnyamwezi kwamba hajui hata kuzika, kwamba mume wake amekimbilia chini ili apumzike na mdomo wake, neno lolote la kumtoa machozi na kumwingiza kwenye kicheko, kama walivyofanyiana katika misiba yote ya maisha yao.

Akafungua mdomo. Akaufunga.

Wakafukia. Jembe na beleshi vilipokezana, na tope likapanda taratibu mpaka likafika juu, kisha likawa tuta. Jua lilikuwa limeshatoka. Paskazia akasimama, akaegemea mpini.

"Sema chochote, mtani," akamwambia.

"Sina," Mwanajuma akajibu, akainama kuusimamisha msalaba.